Pikipiki Badala ya Ng'ombe Kumi na Wawili

Ushirombo,
6 Agosti 1984

Ndugu Meneja,
Duka la Pikipiki,
Shinyanga.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba usome ukiwa umekaa. Mimi ni Otmar Maganga, mkulima na mfugaji. Maneno haya ni yangu, mwandiko ni wa binti yangu Lukresia, kwa kuwa miwani yangu ilikaliwa na mgeni.

Mwezi wa tano Lukresia alifunga ndoa na Donatus, mchimba dhahabu wa Nyarugusu. Badala ya ng'ombe kumi na wawili wa mahari, kijana alileta pikipiki ya mashindano kutoka dukani kwako, pamoja na karatasi ya vipimo. Wazee waliposikia "nguvu ya farasi arobaini na tano" walipiga makofi kabla karatasi haijaisha. Kosa hilo ni letu. Yafuatayo ni yako.

1. Uzito ni kilo mia na ishirini. Kwetu huyo ni ndama, tena aliyeachishwa ziwa mapema.

2. Mzee Nkwabi, ambaye hajawahi kukosea umri wa ng'ombe, alikagua meno, akayakuta kwenye gurudumu la mnyororo: arobaini na mawili. Ng'ombe mzima ana thelathini na mawili. Haya kumi ya ziada ni ya nini, na majani haili?

3. Tuliifunga plau. Tairi la nyuma lilichimba shimo la kina cha goti bila kusogea hatua moja. Kuku wangu wameacha kutaga tangu siku hiyo.

4. Umeandika kuwa imeundwa kwa mashindano ya nusu lami, nusu vumbi. Vumbi tunalo. Hiyo lami utatuletea lini?

5. Kiti kiko sentimita tisini na mbili kutoka chini, tena ni cha mtu mmoja. Mke wangu hupandia kinu. Haina taa, honi wala keria. Ng'ombe naye hana taa, nakubali.

6. Tanki ni lita nane. Inakunywa, maziwa haitoi. Nimeifungia zizini na fahali wangu bora miezi mitatu, na hakuna dalili ya mimba. Fahali ndiye aliyekonda.

Kwa hiyo tangu harusi nimemzuia Lukresia hapa nyumbani. Hataenda kwa mumewe mpaka urekebishe vipimo: kilo mia tatu, meno thelathini na mawili, na maziwa. Binti yangu analia, nami roho inaniuma, lakini mahari ni mahari.

Wasalimie wote wa dukani, hata aliyepiga chapa karatasi ile.

Ni mimi nisiyetikisika,
Otmar Maganga
(dole gumba la kulia)

N.B. Shikamoo, Ndugu Meneja. Hapa ni mimi mwandishi, Lukresia. Tafadhali usibadilishe kipimo hata kimoja. Kiti cha mtu mmoja kinatosha, maana Donatus ameshatangulia Nyarugusu. Lita nane zitanifikisha. Kila baba alipokwenda shambani nilijifunza kuendesha humu zizini, na ndiyo sababu fahali amekonda. Kwa kuwa keria hakuna, nimebeba kitenge kimoja na barua hii, nitakayoiposti Geita. Naandika haya juu ya tanki, mlangoni pa zizi, nikimngoja mama amalize kuondoa magogo.