Ua la Fuksia Linalotuzuia Kuhama

Columbia Heights, Minnesota
21 Mei

Mama Mkwe mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima isipokuwa mimi, na sababu naieleza hapa chini.

Naandika kwa heshima zote za mkwe, maana kwenye simu nitapandisha sauti na mwanao Careen atasikia. Ni kuhusu lile ua la fuksia, lenye kuning'inia kama hereni, ulilomwagiza alipande nje, nyuma ya nyumba tuliyopanga. Ulisema lisidekezwe, mbona hapo Lushoto linastahimili baridi. Mama, Lushoto nimekaa. Baridi yenu ni ya kuvaa sweta; ya huku, kope zinagandiana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Oktoba mwanao alilifunika kwa magunia sita ya majani makavu aliyoomba kwa majirani. Sasa mtaa mzima unaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Elkanah, yule Mkenya jirani yetu ambaye ni nesi, alipita akitoka zamu, akalitazama, akanipa pole.

2. Januari niliamriwa kulirundikia theluji, eti theluji ni blanketi. Jamani! Nani amewahi kumtibu mwenye baridi kwa theluji?

3. Hili ndilo linaloniuma. Baada ya miaka tisa ya kupanga, tumepata nyumba ya kununua kule Lakeville. Careen hahami mpaka ua liamke: eti likichimbwa limelala litakufa, na agizo la mama halitupwi. Mama, limelala tangu Oktoba! Anayeiuza amesema mwisho wa kusubiri ni Jumamosi, kisha anampa mwingine.

4. Ikishindikana, nitaomba kikao cha ukoo, Careen achague mume au ua. Sijaomba bado kwa sababu jibu nalihofia.

Kwa hiyo nakuomba umpigie, umwambie ua limekufa, tulilie siku moja, tuhame.

Msalimie Baba, mashemeji wote, na kwaya nzima ya kanisani.

Mkweo mtiifu, hata nikiudhika,
Anselm

N.B. Kabla sijaituma barua hii nilikwenda kufukua majani nikupigie picha ya marehemu. Mama, kuna vichipukizi vitatu, vyekundu, vidogo kama njiti ya kiberiti! Nilipiga kelele peke yangu pale nyuma. Kurudi ndani, namkuta Careen anafunga masanduku: anasema amechoka kugombana, tuhame Jumamosi. Nimekataa katakata. Watoto wachanga wale niwahamishe na baridi hii? Tafadhali mwambie mwanao aache haraka. Nyumba zipo nyingi.