Mfuko Wenye Jina Langu

Jumatatu, 11 Agosti

Nachingwea. Upepo mkavu. Lubasha, mfugaji wa Nandagala, ameleta kontrola, kisanduku kinachoiendesha pampu yake ya sola. Imekufa. Bila pampu, ng'ombe watateremka mtoni kupitia mashamba ya watu, na mwaka jana walipopita yalitoka mapanga. Ameyasema hayo taratibu, akinitazama. Nimemwambia akalale usingizi. Alianzia kwa Nurdini, fundi wa ng'ambo ya barabara, akakuta foleni. Nimeamua kutoliona hilo kuwa dharau. Bado nalitafakari.

Jumanne, 12 Agosti

Nimebadilisha kipande kilichoungua, kwa utaratibu wa chuoni: bangili yenye waya mkononi, waya umebanwa kwenye nondo ya ethi iliyochimbiwa ardhini nje ya dirisha, nondo imemwagiwa maji. Umeme tuli unaojikusanya mwilini hauonekani, ila mguso mmoja unatosha kuua bodi ya ndani ya kifaa. Nurdini akachungulia, akaniona nimefungwa waya, akauliza kama mbuzi amekwishapewa majani. Wateja wake wakacheka. Wangu pia, yule mmoja.

Kontrola imewaka. Nimeitia kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, unaokinga umeme huo. Kitaalamu, mfuko mzuri. Hauna jina la mtu.

Jumatano, 13 Agosti

Mifuko niliyoagiza imefika. Ya bluu, ya kile kitambaa cha plastiki kilichokuja baada ya mifuko ya rambo kupigwa marufuku. Imeandikwa GORETI, FUNDI MWENYE SHAHADA. Mpango: kesho niipeleke kontrola mwenyewe kwa bodaboda, tupitie sokoni Ruangwa polepole, mfuko nikiupakata. Ule wa fedha nimeuacha mezani. Mfuko ndani ya mfuko ungeficha bidhaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Sokoni watu wamesoma. Nandagala, Limi, mke wa Lubasha, ameupapasa mfuko, akasema unamsimamisha vinyweleo. Nimeandika hilo kama sifa.

Kontrola haikuwaka. Nimeifunga upya, nimebadilisha nyaya, nimekagua sola. Imekufa. Lubasha hakupandisha sauti. Amesema tu kwamba ng'ombe hawakusoma, dada, hawajui kusubiri. Zizini walikuwa wanalia. Nimemwomba awazuie hadi kesho. Njia nzima ya kurudi nimejiuliza kama nina haki ya kumwomba mtu jambo hilo.

Ijumaa, 15 Agosti

Alfajiri nimekwenda Marambo kwa mama, nikaing'oa kontrola ya pampu ya kisima chake. Ni ya aina ileile. Mama Aurelia amesimama na ndoo, akauliza kama alinisomesha ili yeye azeeke akivuta kamba. Nimemweleza uzito wa suala. Ameniambia niubebe basi huo uzito, na ndoo moja ya kwenda jikoni.

Kwa haraka nimeibebea kwenye ule mfuko wa rangi ya fedha. Nandagala pampu imewaka mara moja. Ng'ombe wamekunywa, hakuna aliyekanyaga shamba la mtu. Lubasha amenishika mkono kwa mikono miwili. Nilifurahi kwa dhati. Hata hivyo sokoni hakuna aliyegeuka kunitazama.

Jumapili, 17 Agosti

Natafuta chanzo cha kifo cha kontrola ya kwanza. Nashuku umeme tuli wa blanketi alilojitanda Lubasha, ingawa alisimama mbali. Au udongo wa Nandagala. Nurdini ameuliza niliibeba katika nini. Nimemjibu kwamba niliibeba kitaalamu. Hitimisho langu halinitoshelezi, lakini ndilo nililonalo.

Jumamosi, 23 Agosti

Kontrola mpya ya mama imefika kwa basi kutoka Dar, ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha. Mchicha wake umeanza kunyauka, mgongo unamuuma. Kwenye simu ameomba jambo moja tu: ifike nzima. Nitaipeleka kesho, Marambo yote ikiwa inatoka misa.

Safari hii sikuacha pengo. Nimevaa bangili, nimebana waya, nondo nimeimwagia maji mara mbili. Ndipo nikaitoa kontrola kwenye mfuko wa fedha, bila kuigusa bodi hata kwa ukucha, nikaitia kwenye ule wa bluu. Mfuko umenata mkononi mwangu kwa mlio mdogo mkavu, kana kwamba hautaki kuniacha. Kitambaa bora. Nitaagiza mingine.