Mduriani Niliouuza Kabla ya Upepo

Jumatatu, 6 Januari

Kisomo cha kutimiza siku elfu tangu afariki mama mkwe ni Jumapili ya tarehe 19. Siku elfu hazisogezwi. Watakuja watu wa vijiji vitatu, na paa la jiko letu linavuja kama chujio la tui. Mke wangu Rumiyati kasema ukarabati ni rupia milioni tatu, mduriani wetu umezaa vizuri, na mwaka huu hataki visingizio.

Mchana kaja Bi Ginah, mlanguzi wa matunda. Kautazama mti, shingo nyuma, midomo ikihesabu. Anatoa milioni mbili taslimu, leo hii, kwa matunda yote yakiwa bado machanga mtini. Shemeji yangu Wakidi, mwenye mduriani wake ng'ambo ya mtaro, kanikataza. Wiki mbili tu yatakomaa, nipate nne. "Shemeji, mvumilivu hula mbivu!"

Wiki mbili! Na upepo je? Na kindi? Na radi? Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Nimeuza. Milioni iliyopungua, Mungu ataileta.

Alhamisi, 9 Januari

Hakuna upepo. Jua zuri, la kuudhi. Matunda yananenepa mbele ya macho yangu na si yangu. Bi Ginah kapandisha mkwezi, kila tunda limefungwa kamba tawini, hata la kuokota sipati. Wakidi kapewa bei ya milioni tatu na nusu, na kakataa!

Nimepata mbinu. Nimemfuata Bi Ginah sokoni, nikamweleza kwa huzuni kwamba mizizi imeoza, kindi wamehamia na ukoo wao wote, na mimi nimeota kimbunga. Kanisikiliza akitafuna tempe, kile kitafunwa cha soya, ya kukaanga mpaka ikaisha. "Pole, mzee wangu. Basi nikurudishie mti wako? Milioni mbili na laki nane, kamba nakuachia bure." Nimeuza mbuzi wetu upesi upesi kupata hizo laki nane, nikamlipa kabla hajazinduka. Mwoga sana yule mama!

Jumamosi, 11 Januari

Mti ni wangu tena. Sijawahi kuteseka hivi. Nimehesabu matunda: sitini na moja. Nimerudia: hamsini na tisa. Mawili yameibwa! Mara ya tatu: sitini na nne. Kila jani likitikisika, natoka kuhesabu upya.

Rumiyati kauliza mbuzi yuko wapi. Nimemjibu yuko juu ya mti. Kaniangalia, kaangalia mti, karudi ndani.

Jumatatu, 13 Januari

Saa nane mchana, wingu jeusi mlimani! Nimekimbia kandambili mkononi hadi kwa Bi Ginah, niwahi kumuuzia tena kabla halijaonekana kwake. Nimemkuta kakaa barazani analitazama. Kasema milioni moja na nusu. Nimebishana kama simba. Moja na laki sita!

Wingu likapita, likanyesha kijiji cha pili. Huko wana bahati yao.

Ijumaa, 17 Januari

Duriani za Bi Ginah zimeshushwa. Harufu imejaa mpaka chumbani. Nasikia kapata milioni tano. Wakidi kapata nne na nusu, anatembea taratibu ili aulizwe.

Milioni moja na laki sita inatosha vigae vya nusu ya jiko. Fundi kataka kuezeka upande mmoja. Mjinga! Mvua ikipiga upande wa pili? Nimemwamuru aviweke huku kidogo, kule kidogo, hatari igawanyike. Kauliza mara tatu kama nina homa.

Jumapili, 19 Januari

Mvua. Imenyesha kila mahali bila kubagua. Wanawake walipika wameshika miamvuli, kisha moto ukazimika, kisha wali ukawa uji. Wakidi akaja na vijana watatu wakahamishia kila kitu jikoni kwake. Jiko lake lina paa jipya, lote.

Kisomo cha mama mkwe kimepikwa kwa Wakidi, na wageni wamemshukuru Wakidi. Rumiyati hakunigombeza. Alibeba sufuria mojamoja kwenye mvua, uso umelowa, na sikujua kipi ni mvua na kipi ni machozi. Niliposhika mkono wa pili wa sufuria alisema, "Acha, baba. Usije ukaangusha." Nimeona aibu hadi kwenye nyayo. Heri angenipiga na mwiko.

Jumanne, 21 Januari

Nimewaza siku mbili. Nimeliona kosa langu: nilichelewa. Nilisubiri mpaka matunda yatoke, ndipo bei ikaanza kunichezea.

Bi Ginah alipita leo. Nimemuuzia matunda ya mwakani, mti ukiwa mtupu, hata ua hauna. Laki tisa! Upepo, kindi, mawingu, vyote sasa ni vyake. Yeye ndiye atakayekosa usingizi.

Rumiyati kaomba laki hizo tisa zimalizie vigae. Kwa upole kabisa, mara ya kwanza kunisemesha tangu juzi. Maskini, hajui mambo ya fedha. Vigae huvunjika! Lakini hata kuziweka ndani ni hatari: panya, moto, shemeji. Kwa hiyo nimezipeleka mahali salama. Nimemkabidhi Bi Ginah aniwekee, kwa ada ndogo tu ya mwezi.