Malalamiko Kuhusu Damu Yangu Kumsengenya Dada Yangu

Kwa Daktari Gichuru,
Msimamizi wa Kliniki ya Figo,
Eldoret.

Mheshimiwa Daktari,

Natumai barua hii inakukuta mzima, figo zako mbili zikifanya kazi bila kusimamiwa na mtu. Mimi ni Walubengo Mulongo, karani wa ghala la mahindi, yule mgonjwa uliyemwambia Jumatatu, mke wake Selpha akisikia, kwamba damu haidanganyi. Maana yake mwongo ni mimi. Nimekasirika, na ninaandika kwa heshima zote.

1. Mnanikataza kumeza dawa asubuhi mpaka mnitoe damu. Basi naja na vidonge mfukoni, nakaa kwenye benchi lenu nikimtazama Brigid wa maabara akimalizia chai yake. Hilo nimelivumilia.

2. Sikujua kwamba mnapima hata vipande vya dawa. Brigid alinieleza, kwa sauti ya mwalimu wa nasari, kwamba ini huivunjavunja ile dawa inayouzuia mwili kuikataa figo niliyopandikizwa, na vipande vinavyobaki ndivyo mnavyovipima. Vyangu ni vichache mno, na dawa nzima imejaa tele. Eti kuna kitu ninachokula kinacholizuia ini kufanya kazi, na dawa ikizidi hivyo itaiharibu figo ile ile inayolindwa. Kisha akasema, "Mzee, si tulikuambia uwachane na hizo balungi?" Nani aliwatuma mchungulie sahani yangu kupitia mshipa wa mkono?

3. Hapa ndipo mlipokosa adabu kabisa. Mabalungi hayo ni ya dada yangu Nekesa anayeishi Plateau, na Nekesa ndiye aliyenipa figo. Alilala kwenye meza yenu akapasuliwa ili mimi nipate kukojoa kama watu. Ana mti mmoja tu karibu na mlango. Kila Jumamosi hunichumia mfuko mzima, maana kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, kisha huketi akinitazama nikila, amefurahi kama mama aliyejifungua. Mlipoyakataza, sikumwambia, nikaendelea kula. Nyinyi wa mtaa wa kitajiri wa Elgon View, mnaonunua matunda yaliyofungwa kwa nailoni, mlitaka nimwambie nini? Kwamba figo yake naitaka ila matunda yake ni sumu? Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda angeona haya.

4. Ikiwa balungi na kidonge haviwezi kukaa nyumba moja, kwa nini anayefukuzwa ni balungi? Tengenezeni kidonge chenye heshima. Mkishindwa, liandikieni ini langu barua ya onyo, maana ndilo mfanyakazi mvivu hapa. Na kama hilo nalo limewashinda wasomi wote hao, basi acheni kupima vipande. Kisichopimwa hakimwaibishi mtu mbele ya mke wake.

5. Brigid aje kanisani kwetu aombe radhi kwa niaba ya maabara, mbele ya akina mama wanaofunga na kuniombea. Asipokuja, nitahamishia damu yangu Timboroa. Kule kuna baridi, na naamini kila mtu ana shughuli ya kujipasha moto, si kuchunguza mwenzake.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Nisalimie wauguzi wote, askari wa langoni, na hata Brigid, kwani chai yake haina kosa.

Wako katika uvumilivu unaoelekea kwisha,

Walubengo Mulongo.

N.B. Barua hii nimeiandikia nyumbani kwa Nekesa, huku Plateau. Niliiacha mezani nikaenda kunawa mikono, na niliporudi nilimkuta ameisoma yote. Aliiweka chini polepole, akatoka, na punde nikasikia shoka likigonga mti. Nilitoka mbio kumzuia. Alinijibu bila kuinua macho, "Mti nitapanda ingine. Figo sina ingine." Nimeona aibu ambayo hakuna maabara inayoweza kuipima. Tafadhali yafute malalamiko yote. Jumatatu nitakuja kutolewa damu kabla ya dawa, Nekesa akiwa nami, na Brigid asiharakishe chai yake.