Kiongozi Halali wa Kwaya ya Wazee

Jumatatu, 13 Januari 2025

Niwie radhi, shajara, kwa kunyamaza tangu mavuno. Nyumba hii ina kimya cha kutosha, sikupaswa kukiongeza. Mke wangu Priscah anasahau. Asubuhi amenipa chai, akaniuliza kwa upole kama mke wangu hatanigombeza nikichelewa kurudi kwangu. Nimejibu kuwa hatanigombeza. Chai haikuwa na majani.

Muuguzi Winrose anasema kuimba na wenzake kutamfaa: huamsha kumbukumbu, hunyoosha pumzi, huondoa upweke. Si tiba, alisisitiza, ila husaidia. Basi nimempeleka kwenye kwaya ya wazee hapa Matete. Ameimba beti zote bila kukosea! Kisha amemwita kiongozi wa kwaya kwa jina. Joash! Dereva mstaafu wa trekta, asiyejua noti hata moja. Mimi, mwalimu wa muziki na mumewe wa ndoa, naitwa mgeni.

Dawa ni moja. Nikiwa kiongozi, jina atakaloliita litakuwa langu.

Jumatano, 15 Januari

Nimeandika noti ubaoni kabla ya mazoezi, nikamwomba Joash azisome mbele ya wote. Amejikuna kichwa, akasema do na re anawafahamu kwa sura, hao wengine hawajawahi kufika kwake. Wazee wamecheka hadi Mama Cherotich akapaliwa. Mimi sikucheka. Nimemshtaki kwa Mzee Kipkoech, mwenyekiti wetu. Kwaya haiongozwi kwa kubahatisha!

Jumamosi, 18 Januari

Ushindi! Joash mwenyewe amenikabidhi uongozi. Ameniambia nichukue tu, mwalimu, mradi shemeji asiache kuimba. Wivu mtupu.

Nimeingia na fimbo yangu ya kuongozea. Nimepiga marufuku makofi, kuyumbayumba na uchelewaji. Noti kwanza, maneno baadaye. Mama Cherotich ameuliza kama maneno yatafika kabla hajazikwa. Nimemwonya.

Priscah hakuimba. Alitazama mlango tu. Atazoea.

Jumatatu, 20 Januari

Ukumbi mtupu! Nimeongoza viti. Nilipomaliza kufuta ubao, hata Priscah hakuwapo. Nilimtafuta mtoni kwanza. Kuhusu mto sitaandika zaidi.

Nimemkuta uani kwa Joash pamoja na kwaya nzima, wakipukuchua mahindi. Huku kwetu hakuna apukuchuaye kimya: Joash anaanzisha, wote wanaitikia, punje zinadondoka kwa mdundo. Makofi, kuyumba, kila kitu nilichokataza! Priscah alikuwa akicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu mwaka juzi. Aliponiona alinisogezea gunia la kukalia, akawaambia wenzake wampe huyu mgeni hindi, naye aitikie. Mama Cherotich akanisihi niketi, mwalimu, niache ukaidi.

Sikuketi. Kiongozi haitikii. Nimemshika Priscah mkono, nikamrudisha nyumbani. Njiani aliendelea kuimba kidogo, kisha akaacha.

Jumatano, 22 Januari

Lango la nyumbani nimelitia kufuli. Nimepeleka malalamiko rasmi kwa kamati ya kwaya: Joash akatazwe kuimbisha wazee nje ya ukumbi. Mzee Kipkoech ameguna tu, akasema kamati itakaa.

Winrose amepita. Amekaa na Priscah kitambo, akatoka na uso mzito, akauliza imekuwaje hasemi. Ameniomba nimrudishe kwa wenzake, wawe ukumbini au kwenye mahindi, kwa maana asiyetumia sauti yake ataipoteza. Binti mwema, lakini wauguzi hawajui muziki.

Kwa hiyo leo nimemwongoza mwenyewe sebuleni, kwa fimbo, noti kwa noti. Priscah hajafungua kinywa tangu juzi. Wala haniiti tena mgeni. Hayo nayachukulia kuwa maendeleo.

Nitakuandikia kamati ikishaamua.