Mauaji ya Mjane Mshona Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Wazo limenijia bafuni! Siku hizi riwaya kongwe zinaandikiwa mwendelezo wa kipelelezi, na watu wanazigombania. Nami nimechagua ile ya mjane mshona nguo. Kila mtu aliisoma shuleni, isipokuwa mimi. Nilikuwa naumwa. Sentensi ya kwanza tayari: mjane kakutwa kafa, kalalia cherehani yake. Damu kwenye kitambaa cheupe! Mkutubi kakubali niwasomee wanachama wake Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu kauliza kama nimekisoma kitabu chenyewe. Nikamwambia nakijua nje ndani. Akasema mama yake anacho, ataniazima. Nikasema mwandishi wa kweli hafungwi kamba. Akaguna. Sikulipenda lile guno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza! Shahidi wangu ni mzee msuka vikapu, jirani wa mjane. Yumo kitabuni; mke wangu aliwahi kumtaja. Mzee kamwona muuaji dirishani, hadi rangi ya soksi. Mama mkwe nimemwalika. Ajue binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Ee ardhi, nimeze.

Ukumbi ulijaa. Nilipofika kwenye soksi, watu wakacheka. Nikadhani wamenogewa, nikairudia sentensi kwa sauti kubwa zaidi! Hapo mama mkwe akainama mbele, akaniambia polepole, "Mwanangu, yule mzee ni kipofu."

Mkutubi akauliza nimesoma toleo gani. Nikasema la zamani. Mama mkwe, mtu asiyejua kusema uongo, akadakia kwamba ni kweli, la zamani lilikuwa tofauti kidogo. Kwa ajili yangu! Jasho likanitiririka hadi kwenye viatu.

Njiani nikamuuliza kwa nini alikubali kuja. Akasema marehemu baba mkwe alikuwa akisomewa kitabu kile hospitalini, na hadi siku zake za mwisho alikuwa akiuliza mjane aliishije baadaye.

"Nilisikia kuna mwendelezo," akasema. "Nikaona nije nisikilize kwa niaba yake."

Nami mjane huyo nilimuua kwenye sentensi ya kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kumwangukia mama mkwe. Kanipa kitabu chake, kurasa zimelegea kwa kusomwa. Kaniomba nikisome, kisha niandike upya, mjane awe hai. Nikalia kama mtoto. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesoma kurasa nne. Kinakwenda taratibu mno.

Ila kuna ile riwaya nyingine, ya mapacha wa kinu cha unga. Hiyo nayo watu wanaililia! Kinyozi wangu ameisoma. Kesho atanisimulia huku ananinyoa, na nitamuuliza ni pacha yupi wasomaji wanampenda zaidi.

Huyo ndiye nitakayemuua.