Mafuta Ambayo Askari Hawakuyataka

Jumatatu, 5 Machi 2001
Hili sijamwambia mtu: nilipofukuzwa shule, nilifurahi. Mama alilia. Mimi nilijifunika shuka nikacheka. Nataka biashara! Tatizo ni moja tu: mbele ya watu sauti yangu hupotea.

Hapa Mususa, mtaa wa Butembo, mama na mimi tunapika sabuni. Pipa limepoa tangu mwezi jana. Mawese hayafiki Butembo. Kwenye bariere ya Beni, kizuizi cha barabarani, askari wanayachukua wakaangie samaki. Mama amesema safari hii yakikosekana, atabomoa jiko. Amenituma mimi Mangina, ninunue mafuta na soda. Jirani Jokébed, naye mpika sabuni, ametuazima bidoni zake, madumu ya plastiki, kisha akawatangazia wateja wetu kwamba tunatia huruma.

Jumatano, 7 Machi, Mangina
Wazo! Askari wanakula mafuta. Hawali soda kali ya kupikia sabuni. Basi nimeiyeyusha yote, nikaimimina ndani ya mafuta. Nyumbani si tungeitia vilevile? Akili hiyo! Baba Zorobabel, mwenye lori, aliniuliza ninakoroga nini. Nilitazama kandambili zangu.

Alhamisi, 8 Machi
Ushindi! Askari alifungua bidoni, akanusa, akatema mate. “Hii mafuta iko mugonjwa! Mutoto, unataka kutuua?” Akanifukuza kama kuku. Mchele wa mama mmoja tuliyepanda naye lori waliuchukua. Alilia. Nilimhurumia, lakini meno yalikataa kufichika.

Mbele kidogo lori limezama kwenye matope. Linatikiswa huku, linatikiswa kule. Haidhuru.

Jumamosi, 10 Machi
Tumefika. Mama aliinamisha bidoni juu ya pipa. Hakikutoka kitu. Akaingiza kijiti. Kikasimama wima.

Zote zimeganda! Sabuni imejipika njiani, ndani ya bidoni zenye midomo isiyopitisha hata yai. Mama alisema vita vya kwanza havikumfungia kazi, vya pili havikumfungia. Ilibidi azae mtoto.

Jokébed akaja mbio kudai bidoni zake. “Zirudishe tu vile ziko, mama Kanyere, mimi sina mambo.” Mama akazirudisha vile zilivyo.

Jumanne, 13 Machi
Mwizi! Jokébed amepasua bidoni kwa panga, akakata sabuni vipande vinene. Soko lote linasifu: ngumu, povu tele. Mama ameinunua kwake kwa bei ya jumla na anaichuuza, amekaa palepale tulipobomoa jiko.

Jokébed aliniita mbele ya watu: “Mutoto ya Kanyere, soda ulitia ngapi?” Nilinyamaza. Safari hii haikuwa aibu. Sikupima.

Ijumaa, 16 Machi
Mama amenituma Mbau kuleta maharagwe ya kuuza. Ameniapisha nisiguse kitu. Lakini askari wa bariere wanakula na maharagwe! Nimejificha nyuma ya lori na chupa ya mafuta ya taa. Nitanyunyiza kidogo tu. Nani atakula maharagwe yanayonuka taa? Hakuna mtu!

Wewe unayesoma, nakuomba, mama asijue.